Namna nilivyopanda matawi mbele ya mukubwa wa zone

Leo nimebaki bila kikwembe mbele ya baba mukwe wangu. Sisemi kwa mufano. Nasema kikwembe chenyewe, kitenge changu cha kujifunga, kile cha ndege wekundu ambacho Papa Bahati, bwana wangu, aliniletea kutoka kazini kwake Kamituga. Kikwembe kilibaki juu ya mulima, mimi nikafika chini.

Wapendwa wangu wa darasa la quatrième, ninyi watatu wa Kadutu, ni mimi Nabintu. Ninawaandikia mbio kwa sababu kesho asubuhi camion ya makabichi inashuka kwenu Bukavu, na dereva wake aliona kila kitu. Alisimama njiani akazima moteri ili aone vizuri. Habari itafika sokoni kabla ya makabichi. Afadhali muipate kwangu kwanza, maana yule dereva ataongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi.

Munajua ninapokaa. (Hamujui. Hakuna hata mumoja wenu aliyenitembelea tangu nilipoolewa, na majina yenu nimeyaweka pembeni.) Ni kwenye mulima, juu ya njia ya Kavumu, nyumba ya kwanza kando ya korongo. Nilipoolewa ilikuwa nyumba ya pili. Ile ya kwanza iliondoka na mvua ya mwaka juzi, wenyewe wakiwa shambani. Mwaka jana nilihesabu hatua kutoka mulango wa jiko langu mpaka ukingo wa korongo: kumi na saba. Mwezi wa sita mwaka huu: kumi na moja. Ninahesabu kila Jumapili baada ya misa, kama wenzangu wanavyopima urefu wa watoto wao.

Na mwezi wa nne mutoto Faida, wa miaka sita, alikuwa anarudi kutoka chemchemi na kibidon chake cha maji. Ukingo ukakatika chini ya miguu yake. Walimutoa jioni. Kibidon kilikuwa kizima, hata kifuniko kilikuwa bado kimefungwa.

Siandiki hii ili mulie. Naandika ili mujue hasira yangu inatoka wapi, kwa sababu hapa wanasema nilizaliwa nayo. (Nilizaliwa nayo pia. Lakini si yote.) Mutoto wangu Bahati amefika miaka minne. Mwaka ujao naye atabeba kibidon, na njia ya chemchemi ni ile ile moja.

Sasa tuongee Salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Huko mjini munafagia barabara na kuzibua mifereji, tumesikia. Huku kwetu, kila Jumamosi asubuhi, vijana walikuwa wanakuja na ngoma. Mugisho, kiongozi wao, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa anakuja na filimbi mudomoni hata kabla ya kusalimia watu. Wanafanya animation, zile ngoma za kusifu wakubwa, saa mbili nzima, wanaimba, wanazungusha kiuno, wanajiandaa kwa wageni ambao hawaji. Kisha wanafyeka nyasi mbele ya bureau dakika kumi. Kisha kila mutu kwao. Korongo linakula mulima, vijana wanacheza.

Mwezi wa saba nilishindwa kuvumilia. Nilisimama kati ya wanawake ili niseme. Shida ni kwamba chef de localité, mukubwa wa kijiji chetu, ndiye baba mukwe wangu. Na kwetu munajua wenyewe: bibi ya mutoto, muke wa mutoto wao, hamuangalii baba mukwe usoni, hataji jina lake, hali chakula mbele yake, wala haonyeshi hata goti lake mahali ambapo yule muzee yupo. Kwa hiyo nilimupigia kelele huku nikimuangalia mbuzi aliyefungwa pembeni.

"Korongo haliogopi nyimbo," nikamuambia mbuzi. "Mutoto amekufa. Munangojea afe nani ndipo hawa vijana washike jembe?"

Watu wote wakamugeukia mbuzi. Mbuzi akaacha kutafuna. Baba mukwe naye hasemi na mimi moja kwa moja. Maneno yake yanapita kwa mama mukwe, hata kama sote tumesimama hatua tatu.

"Mwambie bibi ya mutoto wetu," akamuambia muke wake, "nimeona iko na mudomo. Toka leo vijana ni wake. Awafundishe. Alisoma, si ni vile?"

Mama mukwe akanigeukia. "Anasema vijana ni wako."

"Nimesikia, mama."

"Anasema ulisoma."

"Nimesikia."

(Nilisoma miaka minne ya humanités na nikatoka na tumbo kubwa. Ninyi mulinisindikiza mpaka kwenye lango la shule, kwa hiyo tuache hapo.)

Basi nikawa responsable, musimamizi wa vijana wa kulinda udongo na miti. Jumamosi ya kwanza walikuja vijana arobaini. Niliazima mulango wa jirani, nikausimamisha kama ubao, nikachora mulima, nikachora mvua, nikachora mishale. Nikawafundisha érosion, namna maji yanavyokula udongo, saa mbili na nusu. Waliosinzia niliwaita kwa majina ya baba zao. Jumamosi ya pili walikuja kumi na tisa. Jumamosi ya tatu, kumi na mumoja, na mumoja kati ya hao alikuwa amekuja kuchukua mulango wao.

Kati ya waliobaki, wako wawili munaopaswa kuwajua. Wa kwanza ni Mugisho, mwenye filimbi. Wa pili ni musichana wa miaka kumi na mitano, Nsimire, dada mukubwa wa Faida. Hasemi sana. Anakaa mbele, anaangalia michoro, halafu anaangalia mulima wenyewe, kama mutu anayelinganisha.

Siku moja Mugisho akainua mukono. "Maman Bahati, nyanya yangu anasema wakati wa Wabelgi walichimba mifereji ya kukata mulima, hivi, ya kulala. Wakapanda matete kwa ukingo yake. Maji ilikuwa inasimama pale, haiteremuke."

Alikuwa anasema kweli. Hata sisi tulijifunza hiyo shuleni. Lakini ukitaja mifereji hapa, wazee wanabadilika uso. Waliichimba na fimbo nyuma yao, na siku ya Uhuru waliifukia wakiimba. Mugisho alijaribu kumuambia chef. Jibu lilinifikia kwa njia yake ya kawaida.

"Anasema mifereji ni kazi ya fimbo," akaniambia mama mukwe. "Anasema mugongo wake bado unakumbuka. Anasema yeye akiwa hai, hairudi."

Ningeweza kubishana. Munanijua, ninabishana hata na padri. Lakini wiki ile ile barua ikafika: mukubwa wa zone, wilaya yetu nzima, atapita Jumamosi kuona vijana wanaolinda mulima wao. Atakuja na photographe. Bustani ya zone italeta miche ya miti, camion nzima.

Na hapo, dada zangu, kitu fulani kikaniingia. Niliona picha. Niliona picha yangu mimi, nimesimama kati ya miti, na ninyi watatu munaishika na kusema, kumbe Nabintu hakuishia pale.

"Mufereji ni shimo," nikamuambia Mugisho. "Nani anapiga picha ya shimo? Mukubwa anataka miti."

(Sentensi hiyo nimeiandika polepole. Ndiyo inayoniuma kuliko kikwembe.)

Camion ya miche haikuja Jumatatu. Haikuja Jumanne. Jumatano mvua ya kwanza ilinyesha na tukasikia camion imekwama mahali fulani, na miche imeliwa na mbuzi wa huko. Alhamisi niliwaita vijana, nikatumia ile sauti ambayo munaijua.

"Jumamosi asubuhi nataka kuona mulima wote umepandwa. Sitaki kuona udongo mutupu. Sitaki maneno."

Nsimire akainua mukono. "Maman, muti gani?"

"Muti ni muti. Panda."

"Tutatoa wapi?"

"Mimi ndiye nijue? Ninyi ndio vijana. Muko na miguu, muko na mapanga."

Ni hayo tu. Ndivyo nilivyowafundisha. Ijumaa yote nilipiga kikwembe pasi ya makaa na kujifunza discours, hotuba yangu, kwa moyo. Nilimusomea Bahati. Alilala.

Leo asubuhi nikafungua mulango, na mulima ulikuwa kijani.

Wallahi, kama wanavyosema jirani zetu wa sokoni, machozi yalinitoka. Miti imesimama mistari kwa mistari, imenyooka kama daftari, kutoka njiani mpaka juu. Sikusogea karibu. (Kikwembe. Matope.) Mugisho alikuwa amekaa kwenye jiwe, mikono imechubuka.

"Maman, iko sawa?"

"Iko sawa sana, Mugisho."

Ilikuwa mara ya kwanza nimusifu mutoto wa watu tangu mwezi wa saba. Aliniangalia kama mutu anayengojea sehemu ya pili ya sentensi.

Saa nne jeep ya mukubwa wa zone ikafika. Mutu munene, abacost ya kijivu, ile suti isiyo na tai, viatu vya ngozi vinavyong'aa kama paji la uso la mwari. Vijana wakaimba. Baba mukwe akasimama na kofia yake ya sherehe. Mama mukwe alikuwa amemubeba mutoto wangu mudogo mugongoni. Juu, mawingu yalikuwa yanakusanyika polepole upande wa ziwa, na mimi nikaanza kusema, na neno citoyen mbele, mwananchi, kama sheria inavyotaka.

"Citoyen mukubwa wetu, kila muti hapa uko na baba na mama. Kila kijana alipanda wake kwa mukono wake. Mizizi ya miti hii itashika udongo wetu kama mama anavyoshika mutoto."

Nilipigiwa makofi. Basi nikaongeza. Nilisema mizizi ya tumaini. Nilisema mizizi ya vijana. Mama mukwe ananiambia nilitaja mizizi mara saba, alihesabu.

Mukubwa alifurahi. "Nataka photo pale juu," akasema, "katikati ya miti. Mimi na citoyenne responsable."

Tukaanza kupanda. Yeye, mimi, photographe. Baba mukwe alibaki chini kidogo, kwa heshima, ili asinipite. Nsimire akanifuata, akanivuta mukono.

"Maman, musiende pale juu. Pale juu kuko..."

"Nsimire, si sasa."

"Maman, nilitaka tu..."

"Si sasa, nimesema."

Udongo wetu munaujua. Ukikauka ni tofali, ukilowana ni sabuni. Mukubwa alikuwa anapanda na viatu vyake vya ngozi, mukono mumoja hewani. Photographe akasimama chini yetu, akafunga jicho.

"Citoyen, shika muti kidogo. Utaonekana vizuri."

Mukubwa akashika muti. Muti ukatoka.

Ukatoka bila kelele, kama kijiko kutoka kwenye uji. Akauangalia. Mimi nikauangalia. Chini ulikuwa umekatwa na panga, umechongwa, una ncha kama kigingi cha hema. Hata muzizi mumoja wa kudanganyia macho haukuwapo. Alikuwa ameushika wima kama mushumaa wa maandamano.

"Citoyenne," akaniuliza kwa upole kabisa, "mizizi iko wapi?"

Sijajibu, viatu vyake vikateleza na yeye akaanza kuondoka. Polepole mwanzoni. Akashika muti mwingine, ukatoka. Akashika wa tatu. Mimi nikamushika mukono wa abacost, kwa heshima tu, nikaondoka naye. Kwa mukono wangu wa kushoto nilikuwa nashika miti, na miti inatoka mumoja mumoja, kama mutu anavuna vitunguu vya poiro. Mulima wote mimi na mukubwa wa zone tuliung'oa, mistari yote ile ya daftari. Kulikuwa na kisiki kimoja tu kizima, kimoja tu chenye mizizi ya kweli, na hicho ndicho kilichoshika kikwembe changu. Kikwembe kikatii. Mimi nikaendelea.

Nilifika chini wa kwanza, kwa makalio, nikakwama mbele ya viatu ninavyovijua. Viatu vya baba mukwe.

Sasa nisikilizeni. Chini ya kikwembe nilikuwa na jupon, sketi ya ndani. Jupon niliishona mwenyewe, kutoka kwenye gunia la unga wa musaada, kwa sababu nani anaangalia jupon? Na nyuma, mahali pa kukalia, kuna maandishi makubwa ya bluu. Nilikuwa nimefika chini kwa makalio lakini nikageuka kwa magoti ili nisimuangalie muzee usoni. Desturi ni desturi. Kwa hiyo nilimupa nyuma.

Njiani, camion ya makabichi ikazima moteri.

Baba mukwe akafanya vile anavyopaswa: akavua kofia, akafunika uso, akageuka. Lakini alikuwa ameona. Na watu wote waliona kwamba ameona. Akasema ndani ya kofia:

"Mwambie bibi ya mutoto wetu asimame."

"Anasema usimame," akasema mama mukwe.

"Nimesikia, mama."

"Lakini funika kwanza."

Akanipa nguo ya kubebea mutoto. Ni ndogo, inafunika upande mumoja tu. Nikachagua nyuma. Wakati huo mukubwa wa zone naye alikuwa amefika, ameketi matopeni, matawi matatu kifuani kama bwana arusi, na kwa sababu Kifaransa anakijua, akayasoma yale maandishi na kuyatafsiri kwa sauti: "Zawadi. Haiuzwi."

Hapo photographe akapiga picha. Ndiyo pekee ya siku.

Sasa mungengojea nilie. Sikulia. Nilipanda juu ya jiwe, na jupon yangu, nikawafungulia vijana mudomo.

"Waongo. Wachawi. Nimewafundisha miezi miwili. Matawi? Munachomeka matawi, munanileta mbele ya watu niseme mizizi?"

Vijana waliinamisha kichwa. Mugisho ndiye aliyejibu.

"Maman, hatukudanganya. Ua ya chef, ile ya kuzunguka nyumba, ilipandwa je? Walichomeka fimbo za muvumu, leo iko miti, inazaa hata majani ya mbuzi. Ua zote za huku ni vile. Tulichomeka, tulikuwa tunangojea ishike."

Nikashuka kutoka kwenye jiwe.

Kwa sababu ni kweli. Hakuna ua hapa kwetu uliopandwa kwa miche. Unakata fimbo ya muvumu, unachomeka ardhini mvua ikianza, kesho kutwa una muti. Wamezaliwa wakiona hiyo. Lakini muvumu ni muvumu. Karatusi ukiichomeka inakauka, na akasia pia inakauka. Ni nani alipaswa kuwaambia? Responsable. Yule wa miaka minne ya humanités. Yule aliyeulizwa muti gani.

"Mulikata wapi?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa imepungua.

Mugisho akamugeukia Nsimire. Halafu Nsimire:

"Pale juu. Kwa kichwa ya korongo. Ndiko kulikuwa miti karibu." Akafuta matope mikononi. "Ulisema hautaki kuona udongo mutupu. Tulitoa kule nyuma, tukaweka huku mbele, kwa macho ya wageni. Ndicho nilitaka kukuambia."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Ile akasia na ule mwitu wa juu ndio ulikuwa umebaki kushika kichwa cha korongo. Dada yake mudogo alikufa katika korongo lile, na mimi nimemutuma akate kwa mikono yake kile kilicholizuia.

Nilikuwa nimewatukana miezi miwili kwa sababu ya animation. Na nimefanya animation kuliko wote. Yangu ilikuwa ya miti.

Mvua ikaanza. Wageni wakakimbilia jeep, mukubwa hakuaga, na tawi moja aliondoka nalo mukononi, sijui kwa nini. Mvua yenyewe haikuwa kubwa. Ni ile ya kulowanisha tu. Lakini haikupita nusu saa, tukasikia sauti kama gunia la mahindi limetupwa chini kutoka darini. Kichwa cha korongo kilianguka. Kilianguka pamoja na njia ya chemchemi, urefu wa watu watano waliolala.

Saa ile, siku za Jumamosi, njia ile inajaa watoto wenye vibidon. Leo haikuwa na mutu. Wote walikuwa chini, njiani, wananicheka.

"Jupon yako imeokoa watoto," mama mukwe akaniambia baadaye. Sijui kama ni pongezi. Nimeichukua hivyo hivyo.

Nikakimbia nyumbani, nikasimama kwenye mulango wa jiko, nikahesabu. Nne. Nikahesabu tena na hatua ndogo. Tano. Nikaacha kudanganya.

Nilipotoka nje, Nsimire alikuwa ameshika jembe. Alikuwa amesimama juu ya nyumba yangu, mahali maji yanapoingilia, na alikuwa anachimba mufereji wa kulala, kama nyanya ya Mugisho alivyosema. Mugisho alikuwa amefunga kamba kwenye vijiti viwili ili mustari usipinde. Filimbi aliiweka mufukoni, akashika jembe. Nikachukua jembe langu. Jupon, nguo ya mutoto, matope mpaka masikioni. Sikuwa na kitu tena cha kuharibu.

"Anzia pale," Nsimire akaniambia. Siyo Maman, siyo tafadhali. Nikaanzia pale.

Halafu nikasikia jembe la nne nyuma yangu. Mutu anapumua kwa nguvu, jembe linaingia, linatoka. Sikuthubutu kugeuka. Nilimujua kwa kikohozi. Baba mukwe alikuwa anachimba mufereji. Yule aliyesema hautarudi akiwa hai. Alikuwa amenigeuzia mugongo, anachimba huku anarudi kinyumenyume ili asinione, na kwa sababu hiyo kipande chake kimepinda kama mukia wa nguruwe. Kijiji kizima kimeona na hakuna aliyekinyoosha. Shati lilikuwa limegandamana na mugongo wake. Zile alama za fimbo zilionekana zote.

"Mwambie bibi ya mutoto wetu," akasema kwenye mvua, "maji ielekee kushoto, kwa mawe. Kulia itaenda kwa nyumba ya watu."

"Anasema kushoto," akapiga kelele mama mukwe kutoka chini ya migomba.

"Nimesikia, mama."

Kabla ya saa tisa tulikuwa watu ishirini na kitu. Hata yule mwenye mulango alikuja. Maji yaligeuka, yakaelekea kwenye mawe. Kwa leo. Nsimire alirudi kwa mama yake bila kuaga, akiburuta jembe. Alipopita karibu yangu alisema tu, "Jumamosi tunapanda matete." Nikasema ndiyo. Nikauliza tutatoa wapi. Akanionyesha bonde kwa kidole, akaenda.

Lakini nyuma ya jiko langu kuna ufa. Mukono wangu unaingia mpaka kiwiko. Mama mukwe aliuona, alimuchukua Bahati, akachukua sufuria, akachukua godoro kichwani, akatangulia. Nyumba yangu imekwisha, dada zangu. Imesimama bado, lakini imekwisha. Papa Bahati atapata habari huko Kamituga baada ya wiki mbili, na mahali pengine pa kujenga atatafuta akishuka mwisho wa mwaka.

Mpaka siku hiyo, mimi na watoto tunakaa kwa baba mukwe. Ndiko ninaandikia. Jiko lao limejaa maji, kwa hiyo leo tumekula wote sebuleni: mimi uso kwenye ukuta huu, kwa sababu siruhusiwi kumuangalia, yeye uso kwenye ukuta ule, kwa sababu baada ya leo hawezi kuniangalia, na mama mukwe katikati akipitisha sombe ya majani ya mihogo, chumvi na maneno.

Musicheke. Nyumba iko na kuta nne tu, na mvua ya huku ni ya miezi tisa.